Kuta Zinazopinda za Uluguru

Ukisafiri kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam, Uluguru inakupokea kabla ya Morogoro. Tambarare ya Ngerengere bado haijaisha, na tayari upande wa kushoto milima imesimama, ya samawati asubuhi, ya kijani jua likipanda, vilele vimejitanda mawingu. Safari hii, ambayo tangu Juni 2024 inachukua chini ya saa mbili kwa reli mpya, ilikuwa kazi ya siku nyingi kwa misafara ya miguu ya karne ya 19, na hata reli ya Wajerumani iliyofika hapa mwaka 1907 haikumfupishia msafiri njia kiasi hiki. Jambo moja halijabadilika: kila anayeingia Morogoro hutazama juu kwanza.

Wenyeji wanauita mji wao Mji Kasoro Bahari, kwa maana kwamba vyote vipo ila pwani. Muziki upo, tangu enzi za Salum Abdallah na Cuban Marimba hadi Mbaraka Mwinshehe. Elimu ipo, vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe. Historia ya ukombozi ipo pale Mazimbu, ambapo wapigania uhuru wa Afrika Kusini walijenga shule yao. Na maji yapo, yanayoshuka kutoka juu kwa mito na vijito visivyohesabika, yakipita katikati ya mitaa kabla ya kujiunga na Ngerengere.

Nilikuja Morogoro kwa ajili ya kuta. Kuna nchi ambazo bustani zake za kale zimezungushiwa kuta za matofali zilizojengwa kwa mawimbi, ukuta ukiingia ndani na kutoka nje mwanzo hadi mwisho, na watu husafiri mbali kwenda kuzitazama na kuzipiga picha. Nami kwa muda mrefu nimeamini kwamba Tanzania tunazo kuta za ukoo huo huo. Zetu zimejengwa kwa udongo, nyasi na jembe, zinazunguka milima mizima, na hakuna aliyeziwekea kibao. Ziko Mgeta, magharibi mwa Uluguru. Lakini ili kuzielewa inafaa kuanzia chini, mjini, kwenye ukuta ambao haupo tena.

Ngome ya Simbamwene

Kabla ya Morogoro hii tunayoijua, kando ya Mto Ngerengere palikuwa na mji wenye boma. Aliyeujenga ni Kisabengo, kiongozi wa Kizigua, na baada yake ukatawaliwa na binti yake, Simbamwene, ambaye jina lake ndilo lililobaki kuwa jina la mji. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa, ikatozwa hongo ya kupita, ikanunua chakula, ikaendelea. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone alistaajabu. Aliandika juu ya kuta zenye matundu ya kupenyeza bunduki, minara ya mawe kwenye pembe nne, na malango ya mbao ngumu yaliyochongwa kwa nakshi za Kiarabu. Haukuwa mji wa kuchezea.

Mwaka uliofuata, 1872, masika ilishuka kwa nguvu zisizo za kawaida. Stanley alipokuwa anarudi pwani na habari za kuonana na Livingstone, alikuta mto umevunja kingo na kusomba ukuta wote wa mbele pamoja na nyumba zipatazo hamsini. Ngome iliyowazuia wenye bunduki haikuweza kuzuia maji ya mlimani.

Nimesimama kando ya Ngerengere nikilifikiria tukio hilo. Kisabengo aliujenga ukuta wake akimtazama adui wa kibinadamu, na kwa adui huyo alifaulu kabisa. Kumbe mgeni mkubwa wa bonde hili daima ametoka juu. Anayetaka kujenga Morogoro, awe mtawala au mkulima, sharti kwanza akubaliane na maji ya Uluguru.

Fundi na uzi wake

Njia ya Mgeta inaiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, karibu na Mzumbe, inapita Mlali, kisha inaanza kupanda. Huku chini ndiko kwenye matofali. Udongo mwekundu huchimbwa, hulowekwa, hukanyagwa, kisha hupigwa kwenye kalibu ya mbao. Matofali mabichi yakishakauka hupangwa yenyewe kuwa tanuru lenye midomo ya moto chini, hukandikwa tope kwa nje, na kuni hukokwa usiku na mchana. Yanatoka yakiwa na rangi ya milima yenyewe jioni. Nyumba nyingi za mkoa huu, kuanzia za vijijini hadi za pembezoni mwa mji, zimesimama kwa matofali hayo ya kuchoma, na kwa bahati mbaya kuni zake nyingi zimetoka kwenye miti ya miteremko hii hii.

Nilimkuta fundi mwashi mmoja mtu mzima amepumzika karibu na tanuru lililopoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, kaa hapo penye kivuli."

Tukazungumza bei ya tofali na bei ya saruji, kisha nikamuuliza lililonileta. Ukuta wa bustani wenye unene wa tofali moja tu, usio na nguzo, utasimama?

"Tofali moja bila nguzo? Upepo wa hapa utaulaza kabla saruji haijakomaa," akasema.

Nikamchorea mavumbini mstari wa mawimbi. Alitazama kimya, kisha akauliza swali ambalo angeliuliza fundi mwashi peke yake: "Sasa uzi ataufunga wapi?"

Ni swali la msingi. Kazi yote ya uashi huanzia kwenye uzi. Unachomeka vigingi viwili, unakaza uzi katikati, na kila kozi ya matofali hufuata uzi huo, huku timazi ikihakikisha ukuta haulali mbele wala nyuma. Ukuta wa mawimbi hauna mahali pa kukaza uzi. Fundi wake sharti achore mstari ardhini mapema, au atengeneze kiolezo cha mbao chenye mkunjo, na jicho lake lifanye kazi ambayo uzi ungeifanya. Mzee yule akachukua matofali ya ziada, akayapanga bila saruji kwa kufuata mchoro wangu, kozi baada ya kozi, hadi ukuta mdogo ukamfikia magotini. Akausukuma kwa kiganja. Ukatikisika kidogo, ukatulia.

"Huu umejipa miguu wenyewe," akasema, na akaendelea kuutazama.

Siri yote imo katika maneno hayo. Ukuta mnyoofu na mwembamba una kitako chembamba, kwa hiyo husukumwa kirahisi. Ndiyo maana huongezewa unene au nguzo. Ukiupindisha, kila mkunjo unakuwa nguzo ya mkunjo wa jirani, na kitako kinakuwa na upana wa wimbi zima. Mjenzi anaokoa matofali, ingawa mstari wenyewe umekuwa mrefu zaidi. Waingereza wa Suffolk, mashariki mwa nchi yao, ndio waliozijenga kwa wingi, hasa katika karne ya 18, na wahandisi wa Kiholanzi waliokausha maeneo ya vinamasi huko karne moja kabla hutajwa kuwa ndio walioleta ufundi huo. Kijiji cha Easton kinajulikana kwa ukuta mrefu kuliko yote ya aina hiyo. Nyingi zilielekezwa mashariki na magharibi ili upande mmoja upigwe na jua mchana kutwa. Ndani ya mikunjo hiyo yenye joto walipanda pichesi, zabibu na tini, matunda ambayo baridi ya huko ingeyaua.

Marekani, Thomas Jefferson alizitumia katika bustani za Chuo Kikuu cha Virginia alichokianzisha mwaka 1819. Kuta zake zilikuwa za unene wa tofali moja, na chuo hicho pamoja na nyumba yake ya Monticello viliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987. Miongoni mwa waliofanya kazi ya kutengeneza matofali na kujenga walikuwemo watu weusi waliofanywa watumwa, na nyuma ya kuta hizo nzuri ndiko walikopika, walikofua na walikopasua kuni kwa ajili ya maprofesa na wanafunzi. Kuta zinazoonekana leo zenyewe zilijengwa upya katikati ya karne ya 20, maana zile za mwanzo hazikudumu. Mgeni anayetembelea mahali pale sasa husimuliwa yote hayo: uzuri wa mstari, werevu wa hesabu yake, na jasho la aliyelazimishwa. Hiyo ndiyo maana ya mandhari ya kihistoria. Na ndivyo ninavyotaka Mgeta isimuliwe.

Mstari unaopinda kwa sababu umelala sawa

Kuanzia Mlali gari linapanda kwa kona, na kila kona hewa inapungua joto. Mahindi ya tambarare yanabaki nyuma, migomba inaongezeka, halafu ghafla bonde linafunguka na milima ya upande wa pili inaonekana imekatwa mistari kuanzia mtoni hadi karibu na ukungu.

Hapa nakuomba msomaji usimame nami. Mstari mmoja wa ngazi unatoka mgongoni mwa kilima, unaingia ndani pale penye korongo, unatoka tena pale penye mgongo mwingine, unaingia tena. Juu yake upo mwingine unaofuata mkunjo ule ule, na juu ya huo mwingine. Kati yao kumepandwa kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo, vitunguu na maharage, kila shamba na kijani chake. Hakuna mstari hata mmoja mnyoofu, na bado jicho halioni vurugu popote. Linaona nidhamu.

Ngazi hizi zinapinda kwa sababu zimelala sawa. Mlima wa Uluguru una migongo na makorongo. Ukitaka kutembea ubavuni mwake bila kupanda wala kushuka hata hatua moja, njia yako yenyewe itaingia kila penye korongo na kutoka kila penye mgongo. Mkulima anayetaka maji yatulie shambani kwake lazima aifuate njia hiyo. Akinyoosha mstari kwa kupenda unyoofu, ncha moja itakuwa juu na nyingine chini, maji yatakimbilia chini, na udongo utaondoka nayo. Maofisa ugani hutumia fremu yenye umbo la herufi A, vijiti vitatu na uzi wenye jiwe, kupata usawa huo. Wazee wengi wa hapa hutumia macho na maji yenyewe: fungua mfereji, tazama yanakwenda wapi, rekebisha. Hili ndilo jibu la swali la fundi wangu wa Mlali. Pale ambapo uzi hauwezi kukazwa, mlima wenyewe ndio uzi.

Karibu na Nyandira nilimkuta bibi mmoja anakarabati ukingo uliomeguka. Alikuwa anapandisha udongo kwa jembe, anaushindilia kwa kisigino, kisha anachomeka vishina vya majani.

"Shikamoo bibi. Pole na kazi."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa. Umepanda kwa miguu?"

Nilimwambia nimetoka barabarani. Akanionyesha mfereji mwembamba uliokuwa unaleta maji kutoka kijitoni, yakipita ngazi moja, yakishuka taratibu kwenye inayofuata. Nikamuuliza kwa nini asiyaache yashuke moja kwa moja, njia fupi.

"Maji ukiyakimbiza, yanakimbia na shamba," akanijibu.

Ukingo wa ngazi ndio ukuta wenyewe, na majani yaliyopandwa juu yake ndiyo yanayoushika. Majani hayo hukatwa na kulishwa mbuzi. Katika miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Sokoine, kikishirikiana na Wanorwe, kilileta Mgeta mbuzi wa maziwa wa Kinorwe, na wakaipenda baridi ya huku. Mbuzi anakula ukingo, anatoa maziwa na samadi, samadi inarudi kwenye ngazi, na ngazi inalisha kabichi inayopakiwa kwenye gari kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro na kwenye masoko ya Dar es Salaam. Ukuta wa Suffolk hulinda bustani. Ukuta wa Mgeta ni sehemu ya bustani, unaliwa na kukua tena.

Kuna mkutano mwingine wa ajabu kati ya mahali hapa pawili. Wamisionari na walowezi walileta Uluguru miti ya pichesi, plamu, mapea na matofaa. Uingereza pichesi lilihitaji ukuta ili lipate joto. Hapa, kwenye nchi ya joto, mti ule ule ulihitaji mlima ili upate baridi. Msimu wa plamu ukifika, watoto huzipanga barabarani kwenye ndoo ndogo na beseni, nyekundu iliyoiva hadi kuwa nyeusi. Nunua. Zile zinazoletwa kwa meli, zilizofungwa kwa karatasi, hazina utamu huu.

Mlima uliokataa

Ningeishia hapa ningekuwa nimesema nusu ya habari. Ngazi za Uluguru zina historia ya machungu, na anayezisifu bila kuitaja anawapunja walioibeba.

Waluguru walijua kulima miteremko kabla ya kufundishwa na yeyote. Walikuwa na njia yao: mkulima alikusanya nyasi na mabaki ya mazao, akayalaza kwa mistari kukingama mteremko, kisha akayafunika kwa udongo uliovutwa kutoka juu. Mistari ile ilionekana kama ngazi ya kupandia dari. Majani yakaoza yakawa mbolea, udongo ukashikwa, na msimu uliofuata mistari ikasogezwa. Ilikuwa kazi nyepesi kiasi, iliyoacha udongo mzuri ubaki juu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mradi wa matumizi bora ya ardhi Uluguru. Hofu yake ilikuwa ya kweli: misitu ilikuwa inapungua, udongo unashuka mitoni. Lakini dawa iliyoletwa ilikuwa moja kwa mlima mzima, nayo ilikuja kwa amri. Watu waliamriwa kuchimba ngazi pana za kudumu. Upande wa mashariki, ambako tabaka la udongo wenye rutuba ni jembamba, kuchimba ngazi kulimaanisha kufukia udongo mzuri na kufukua ule mbaya wa chini. Watu walichimba kwa jasho, wakavuna kidogo kuliko awali. Tena ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa mama; aliyeiona serikali inaamuru namna ya kukata shamba la ukoo alijiuliza kesho itaamuru nini, na wengi waliogopa kwamba mwisho wake ni kunyang'anywa.

Julai 1955 hasira ilifika kilele Matombo, upande huo wa mashariki. Umati ulikusanyika kupinga ngazi, wanawake kwa wanaume, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. TANU, chama cha kupigania uhuru, kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na habari za Uluguru ziliwafundisha wengi nchini kwamba amri ya mkoloni inaweza kukataliwa. Mradi ukavunjika. Upande wa mashariki ngazi ziliachwa, zikafukiwa na mvua na magugu.

Kwa nini basi Mgeta zilibaki? Huku magharibi kulikuwa na mboga, maji ya mifereji na soko. Ngazi ilimlipa aliyeichimba. Mkulima wa Mgeta aliichukua, akaipinda kwa kufuata shamba lake, akaipandia majani aliyoyataka, akaifanya yake. Mlima ni ule ule na umbo la ngazi lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa kama mstari ule ulifuata maisha ya anayeuchimba au ulikazwa kama uzi kutoka ofisini. Hili ndilo jambo ambalo Uluguru imenifundisha kwa uhakika: mstari unaodumu ni ule uliokubali kupinda kwa kufuata ardhi na watu wake.

Ushahidi upo hata upande ule uliokataa. Kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa kuwalipa wakulima wa Kibungo Juu, huko huko mashariki, kwa kutunza chanzo cha maji. Miongoni mwa waliolipa ilikuwa DAWASCO, iliyokuwa ikiwauzia maji wakazi wa Dar es Salaam. Wakulima walichimba ngazi na makinga maji, wakapanda miti na mananasi kwenye kingo. Walikuwa wajukuu wa kizazi kilichorusha mawe. Hawakuwa wamebadilika damu. Safari hii waliulizwa, na walilipwa.

Ukipata nafasi, pita upande huo pia. Barabara inatoka Bigwa, inapita Mkuyuni kwenda Matombo, na njia ya Kinole inachepuka kupanda milimani. Kinole ndiko kwenye kiti cha Kingalu, ambaye kwa vizazi vingi ameheshimiwa kwa matambiko ya mvua. Hewa hapa ni ya joto na unyevu, na mashamba yanainuka kwa ghorofa: mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga inayopanda miti, na migomba kila mahali. Huku ukuta unaoshika udongo ni mizizi ya miti hiyo, na mlima unaonekana kana kwamba haujawahi kulimwa.

Deni la walio chini

Wanaoishi mbali na Uluguru nao ni wakazi wake kwa namna fulani. Mto Ruvu unaanzia huku, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayojaza mabomba ya sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Anayefungua bomba Kimara anakunywa maji yaliyopita kwenye korongo la mtu asiyemjua. Juu kabisa, msitu unashika ukungu na kuugeuza mto. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, ina zaidi ya hekta 24,000, na ndani yake kuna viumbe wasiopatikana popote pengine duniani, ikiwa ni pamoja na ndege mbwigu wa Uluguru. Kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600, na nyanda za juu za Lukwangule zilizo jirani yake ni nyasi na mabwawa yanayofyonza mvua na kuiachia polepole.

Kwamba msitu na ngazi ni kazi moja, Mgeta walijifunza kwa gharama kubwa. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa muda wa saa tatu hivi, na miteremko ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp waliokwenda kupima waliona kwamba maporomoko karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi. Msituni yalikuwa machache mno. Ngazi peke yake haitoshi. Inahitaji mizizi juu yake na mkono wa kuikarabati kila mwaka.

Mkono huo ndio unaonipa wasiwasi. Vijana wengi wa Nyandira na Tchenzema wanashuka mjini kuendesha bodaboda. Ukingo unaomeguka leo na kuachwa, masika moja huufanya korongo, na korongo hula ngazi tatu za jirani. Nimeziona sehemu ambazo mistari imekatika hivyo, na inauma kuzitazama, maana kilichopotea pale ni kazi ya vizazi vitatu.

Wenzetu wa Konso, kusini mwa Ethiopia, ngazi zao za mawe ziliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, zikitajwa kuwa mandhari ya utamaduni, mashamba na vijiji pamoja. Sisi wenyewe tunayo Engaruka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ambako mashamba ya ngazi za mawe na mifereji yalihamwa yapata karne tatu zilizopita, na wanaakiolojia huja kutoka mbali kuyapima. Tunayaheshimu ya Engaruka kwa kuwa walioyalima wameondoka. Ya Mgeta bado yana wenyewe, yanatoa kabichi wiki hii, na kwa sababu hiyo hiyo tunayaona ya kawaida. Naamini tumekosea mpangilio. Ngazi za Mgeta, pamoja na mifereji yake, na Matombo pamoja na kumbukumbu ya 1955, zinastahili kuchorewa ramani, kuandikwa kwenye vitabu vya shule za mkoa, na kutambuliwa kuwa urithi wa taifa kama magofu ya Kilwa yalivyo. Chuo kipo mlangoni, wazee wapo, wanafunzi wapo.

Lakini jengo la mawe linaweza kulindwa kwa uzio na mlinzi. Kuta hizi zinalindwa na mtu mwenye jembe tu, na mtu huyo ataendelea kuamka alfajiri kuzikarabati ikiwa shamba lililo juu yake linamlisha. Kwa hiyo anayetaka kuziona zikidumu aanzie sokoni. Barabara ya Mgeta ipitike masika, gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita kipimo, likome kweli kweli ili mkulima alipwe kwa uzito anaoutoa, mji unaokunywa Ruvu ukubali kuchangia wanaoitunza Ruvu. Na wewe unayepanda kutembea, tafuta mwongozaji wa kijijini umlipe vizuri, tembea kwenye njia na usikanyage kingo, salimia kila unayempita, ukishuka ununue karoti na plamu bila kubishania shilingi mia. Bei nzuri ya kabichi ndiyo saruji ya kuta za Uluguru.